Kuku wa Ng'ambo ya Kijito

Kota za Wafanyakazi,
Nachingwea.
Jumamosi, 17 Machi 1956.

Kwa baba yangu mpenzi, Mwalimu Saburi,
Mbekenyera.

Shikamoo baba. Na mama shikamoo, maana najua umekaa mkekani karibu naye unangoja asome kwa sauti, naye anasoma kwanza kimya mpaka mwisho kama anavyosahihisha madaftari ya watoto. Kifua chako kinaendeleaje, baba, na mvua hizi? Ile dawa ya majani anayokuletea mama mdogo Mwanne bado unaimwaga nyuma ya nyumba? Sisi huku ni wazima. Mikidadi alipata homa siku mbili mwezi uliopita, akapona. Mimi sijaugua kitu isipokuwa moyo kukosa kutulia, na hilo ndilo lililonikalisha niandike leo.

Lakini kwanza furaha, msije mkadhani nimechoka na ndoa. Sijachoka! Leo imetimia miezi mitano, na bado nikisikia kengele ya baiskeli yake pale kwenye kona, mara tatu kama kawaida yake, naacha chochote nilichoshika. Juzi niliacha ugali ukaungua. Mikidadi akaula wote, akasema hajapata kula ugali wenye harufu nzuri namna ile, na mimi nikaamini, baba, nikaamini kabisa! Nyumba yetu ni ya mabati, mojawapo ya zile walizoziacha Waingereza wa ule mradi wa karanga, mchana ni tanuri na mvua ikinyesha hatusikilizani. Basi mvua ikinyesha tunacheka tu. Anarudi ananuka dawa ya kuogeshea ng'ombe, na zamani ningeziba pua, sasa naona ndiyo harufu ya nyumbani. Mistari hii, baba, iruke unapomsomea mama, naona haya.

Leo ameondoka asubuhi kwenda Nanganga na tenga nyuma ya baiskeli. Tangu nianze barua hii nimeshatoka mara nne kutazama barabara.

Baba, wewe ulimfundisha Mikidadi tangu darasa la kwanza, na unakumbuka alivyokuwa akichelewa shule kwa sababu kuna mbuzi mahali anazaa. Kuwa daktari wa wanyama si jambo alilolipata jana. Lakini mtihani wa darasa la kumi ulimtupa chini, akapata daraja la tatu, na Kiingereza ndicho kilichomwangusha. Alipoomba chuo akajibiwa kwamba nafasi ni za daraja la kwanza na la pili. Barua ile ameitunza kwenye kopo la sindano, na kila anapochukua sindano anaiona.

Kama si Bwana Fransisko, yule Mmakua wa Masasi ambaye ni msaidizi mkuu wa mifugo hapa, angebaki anaitazama mpaka leo. Bwana Fransisko alimcheka, akamwambia, "Ninyi Wamwera ng'ombe mnamjua kwa picha, halafu mnataka kuanzia Makerere!" Kisha akamweleza njia aliyopita yeye mwenyewe. Unafanya kazi ya vijijini mwaka mzima na mfuko wa sindano kwenye baiskeli. Kila mwezi unaandika taarifa ya kazi kwa Kiingereza, taarifa kumi na mbili. Bwana Mifugo, mkuu wa idara hapa, akiridhika anakupendekeza, unachukuliwa chuo cha mifugo cha Mpwapwa miaka miwili bila kuulizwa daraja, na wale wanaofanya vizuri kupita wenzao wanaweza kusogezwa mbele hata hadi huko Makerere. Watu wa kota wakasema huo ni mlango wa nyuma. Bwana Fransisko akawajibu kwamba ni mlango wa uani, na wenye nyumba wote huingilia uani, wanaobisha hodi mbele ni wageni.

Mikidadi ameufanya mwaka huo. Taarifa kumi na mbili zimetimia mwisho wa Februari, na Bwana Mifugo amempendekeza kwa wanaoingia Julai. Kimebaki kitu kimoja. Fomu inataka sahihi ya mwalimu aliyemfundisha, chini ya maneno yanayosema kwamba taarifa zote ni kazi na maneno ya mwombaji mwenyewe. Mwalimu huyo ni wewe, baba. Fomu imetiwa posta jana pamoja na taarifa zenyewe. Nimefanya haraka ili barua hii isichelewe sana nyuma yake.

Nimetoka tena. Barabara tupu, ila lori moja la mbao.

Sasa niseme habari ya shamba la mama. Unajua mjomba Bashiri alivyotupimia baada ya harusi, ngwe nane, kwa hatua za miguu yake ambayo ni mirefu kama ya korongo. Mikidadi hakunung'unika. Ndiyo desturi yetu, bwana harusi amlimie mama mkwe kwanza, na alisema mama anayemtoa binti kama huyu hata ngwe ishirini angelima. (Ruka na hapa, baba.) Basi tangu Novemba, kila Jumamosi ya pili, lori hadi Ruangwa, kisha baiskeli hadi kwenu, alime mpaka giza, Jumapili alime mpaka adhuhuri, halafu njia nzima kurudi. Mjomba anasimama pembeni anamwuliza kama sindano zimemlegeza mikono. Na taarifa ya mwezi inatakiwa mezani kwa Bwana Mifugo Jumatatu ya mwisho wa mwezi, asubuhi.

Jumapili ya mwisho ya Novemba alifika amevimba viganja hata kalamu haishikiki. Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili huku anakula, mimi nitaandika kwa Kiingereza, yeye anakili kwa mkono wake kabla ya kwenda kazini. Nilijiambia ni kumnyooshea sentensi tu. Si ndivyo wewe ulivyonifundisha, kwamba sentensi iliyopinda ni kama shati lisilopigwa pasi? Jumatatu ile Bwana Mifugo aliisoma kwa sauti ofisini, akasema kijana huyu amefumbuka macho. Mikidadi aliponiletea habari hiyo niliruka kama mtoto. Sifa zilikuwa zangu na jina lilikuwa lake, na mimi sikuona tofauti, kwa sababu nilidhani mume na mke ni kitu kimoja.

Desemba nikaandika mimi. Januari na Februari pia. Novemba, Desemba, Januari, Februari, baba, taarifa nne kati ya kumi na mbili ni zangu, na ndizo zilizompendekeza. Wewe ungezijua kwa sentensi ya kwanza tu, maana ni wewe uliyenifundisha kuandika hivyo. Nilitaka ujue kabla hujashika kalamu. Lakini hilo peke yake lisingeninyima usingizi. Kuna la Nanganga.

Mwezi wa Januari alikwenda Nanganga kuchoma kuku sindano ya mdondo. Alirudi Jumapili kutoka shambani, akanieleza huku macho yanafumba. Alisema upande wa huku wote amemaliza. Ng'ambo ya kijito nyumba nne zimekataa, wanasema kuku akichomwa hatagi tena, waachwe wafikiri, naye atarudi. Mimi nikaandika kwamba kuku wote wa Nanganga wamechomwa. Kwa nini, baba? Nilikuwa nimeianza sentensi nzuri, ndefu, inayopanda taratibu, na zile nyumba nne ziliiharibia mwisho. Nikaona atarudi tu, itakuwa kweli siku chache zijazo. Mikidadi akanakili kama anavyonakili mtu aliyelala.

Wiki mbili baadaye watu wa ng'ambo walituma salamu kwamba wamekubali. Akaenda kuomba dawa. Bwana Mifugo akafungua taarifa, akamwuliza ni kuku gani waliobaki Nanganga wakati ameandika wote. Dawa iliyokuwapo ilikuwa imeshapelekwa Mkotokuyana. Mikidadi aliusoma ule mstari, nadhani ndiyo mara ya kwanza aliusoma kweli, akasema amekosea kuandika. Akagombezwa mbele ya makarani. Hakutaja mtu. Nyumbani aliniambia tu kwamba dawa imekwisha, akaniuliza kama kuna maji ya kuoga.

Mimi nimeyajua Alhamisi hii. Alikuja mama mmoja mjane, Mwanamvua, kwa miguu kutoka Nanganga, na kikapu. Akasimama mlangoni hakutaka kukaa. Akatoa kuku mfu, mweusi mwenye madoa, akamlaza kizingitini, akamwambia Mikidadi, "Bwana Kuku, karani wenu ananiambia umeandika wote. Haya, huyu wangu ni wa wapi?" Walikuwa kumi na tisa, wamekwisha wote kwa siku sita. Kwa mayai yao ndiyo alikuwa anamvisha mjukuu wake kwenda shule.

Mikidadi akamwambia, "Mama, kosa ni langu." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Baba, sikusema kitu. Nilinyamaza mpaka yule mama akafika barabarani, nikanyamaza mpaka akapotea. Umenilea miaka ishirini, na siku niliyotakiwa kusema neno moja nilishika mwiko.

Baadaye Mikidadi alikaa pale pale kizingitini, akampasua yule kuku kwa kisu kidogo, akamtazama ndani muda mrefu. Kisha akaomba karatasi. Nikasogea nikae karibu kama kawaida, akasema hapana, hii ataandika mwenyewe. Ilimchukua mchana mzima. Nimeisoma alipokwenda kazini. Kiingereza chake kinachechemea, vitenzi vimegombana. Lakini ameandika kila kitu alichokiona katika yule kuku, na ukubwa wa kila doa la damu ameulinganisha na punje, hii ya ulezi, ile ya mtama. Ameandika kumi na tisa, saba kati yao walikuwa wanataga, na wa kwanza kufa alikuwa jogoo. Nikazikumbuka taarifa zangu nne. Zina maneno mazuri sana, baba, na hamna kuku hata mmoja ndani yake.

Nilipoanza kuandika asubuhi hii nilitaka kukuomba unisamehe, kisha utie sahihi. Sasa nimefika hapa naona siwezi kukuomba hivyo. Usipotia sahihi, Julai itampita. Itabidi aandike upya miezi minne, na angoje wa mwaka ujao, kama watamkubali tena. Na hili ndilo linalonitoa nje kila dakika. Akingoja, nitakuwa naye mwaka mzima zaidi. Nilipolifikiria hilo moyo wangu ulifurahi, kabla sijauzuia. Kwa hiyo sijui tena, nakuambia ukweli kwa sababu ni ukweli, au kwa sababu nataka kusikia ile kengele kwenye kona. Wewe unanijua. Labda utanijulia.

Kengele hiyo! Amekuja. Nitamalizia kesho.

Jumapili asubuhi.

Baba, nimemsomea barua yote, pamoja na ile mistari niliyowaambia mruke. Nilisoma nimempa mgongo.

Alikuwa ametoka kwa Mwanamvua. Tenga alilokwenda nalo lilikuwa na wale kuku wawili mliotupa siku ya harusi, mama asinikasirikie. Mwanamvua aliwapokea, akawatia bandani, akamwambia kwamba dawa ikija aanze na hawa wawili mbele ya macho yake, kuandika ataandika baadaye. Na watu wa ng'ambo wameshampa jina, wanamwita Bwana Wote. Alinisimulia huku anacheka, ila hakucheka mpaka mwisho.

Nilipomaliza kusoma nikageuka. Nikamwuliza kama amekasirika. Akasema alianza kukasirika kwenye neno "mwiko", ikamwishia kwenye "punje". Kisha akasema sahihi usitie, baba, na kesho asubuhi atakwenda mwenyewe kwa Bwana Mifugo kumwambia, kabla jibu lako halijafika. Akachukua ile karatasi yake ya kuku mweusi, akaikunja, akaitia katika bahasha hii kwa mkono wake. Nikataka angalau nirekebishe kitenzi kimoja cha mstari wa kwanza. Alinishika mkono.

Akadai rekebisho moja tu, katika barua yangu. Pale nilipoandika kwamba nyumba zilizokataa ni nne, soma tatu. Ya nne haikukataa, mwenyewe alikuwa amekwenda msibani siku ile. Ndiye Mwanamvua.

Mwambie mjomba Bashiri kwamba ngwe tatu za mama zilizobaki zitakwisha kabla ya mwezi mtukufu kuandama. Tunakuja wote wawili Jumamosi ijayo. Jembe nitashika mimi, naye atakaa kivulini na daftari lake aandike ya Machi. Mjomba apige kelele anavyotaka.

Nisalimieni mama mdogo Mwanne na majirani wote. Mama, niwekee jembe jepesi. Baba, kunywa dawa.

Ni mimi binti yenu anayewapenda,
Swaumu.