Nimeanika Ng'ombe wa Baba Kwenye Simu za Watu

Mpendwa Mshauri Maximiliana, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana tangu Alhamisi iliyopita mimi mwenyewe sijielewi.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, naishi Bariadi mjini, natengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda karibu na stendi, na kazi yangu nyingine ambayo hainiingizii chochote lakini ndiyo naipenda ni hii ya programu huria, yaani zile programu ambazo walioziandika wameuacha msimbo wake wazi, yeyote auchukue, ausome, aurekebishe na kuwagawia wengine, ilimradi naye auache wazi kama alivyoukuta. Mwaka jana nikapata moja ya kutunza kumbukumbu za mifugo, chanjo lini, josho lini, ng'ombe yupi kazaa, ilikuwa ya Kiingereza na ya mashamba ya huko Ulaya, nikauchukua msimbo wake, nikaiweka Kiswahili, nikaongeza na majina ya rangi za ng'ombe kama tunavyowaita sisi Wasukuma, halafu nikaifungasha kuwa faili moja ambalo mtu akilibonyeza linaingia kwenye simu bila kuhitaji bando.

Sasa Mshauri, ili niijaribu vizuri nilihitaji ng'ombe wa kweli, na ng'ombe wa kweli niliokuwa nawajua mmoja mmoja ni wa baba.

Baba yangu ni Mzee (jina nimelifuta. Mshauri) wa kijiji cha (nacho nimekifuta), na kama wazee wetu wote ukimuuliza ana ng'ombe wangapi atakwambia "wapo wachache tu," na zizini ukihesabu ni kweli wachache, maana wengine amewakabidhi kwa rafiki zake wa mbali, huyu kumi, yule ishirini, wanawachunga na kunywa maziwa, na hakuna anayejua wa mwenzake, hata mama hajui. Ila mwaka juzi alipougua sana aliniita mimi peke yangu akanitajia wote, wako kwa nani, wapi, wa rangi gani, akasema, "Nakuambia wewe kwa sababu mdomo wako mzito. Nikifa, simama useme. Nisipokufa, kaa nao." Hakufa, namshukuru Mungu, lakini mimi nikaogopa kusahau nikawaandika kwenye kompyuta, na jumla yao ni ng'ombe (Binti, wewe! Nimeifuta na hii. Mshauri).

Ile orodha ilikuwa kwenye folda ileile ya msimbo. Kuna faili dogo ambalo humo unaandika vitu visivyotakiwa kuingia kwenye kifurushi, na mstari wenye jina la orodha ya baba nilikuwa nimeuandika humo, ila siku moja programu ilikataa kufunguka bila kumbukumbu zozote ndani, nikaufuta ule mstari kwa muda tu nijaribu, ikafunguka, nikafurahi, nikasahau kuurudisha, nikafungasha, na sikuiweka kwanza kwenye simu ngeni nione inatoka vipi kwa sababu kesho yake ulikuwa mnada wa Mwandoya na nilitaka niwahi.

Mnadani niliwawekea watu thelathini na wanane, nao wakapeana kwa kadi za memori, na msimbo wote nikauweka mtandaoni kama masharti ya programu yanavyotaka. Na aliyegawa kuliko wote, Mshauri, ni baba yangu mwenyewe. Hana simu kubwa na kusoma anajua kidogo, lakini nilimpa kadi moja akaifunga kwenye pembe ya leso, na kila akikutana na mfugaji mwenye simu anamwambia, "Weka hii, kaitengeneza binti yangu." Siri yake anaigawa kwa mkono wake, tena anatabasamu!

Alhamisi kaka yangu Mayunga (jina hili nimempa mimi. Mshauri) alinipigia, hakusalimia.

"Hivi mzee ana ng'ombe kijijini Migato?"

"Sijui," nikamjibu.

"Usinidanganye. Nimeiweka hiyo programu yako. Pale palipoandikwa mfano wapo wote, mpaka yule dume wa madoa niliyeambiwa alikufa."

Nikakaa chini kwenye vumbi, mteja ananiangalia. Mayunga ana mwaka wa tatu anaambiwa asubiri kuoa, kwamba ng'ombe wa mahari waliisha na ukame, na sasa anasema mwisho wa mwezi kwenye kikao cha ukoo ataisoma orodha nzima mbele ya baba wadogo, na nikimwonya baba, yeye Mayunga atasema kuianika orodha tulipanga pamoja.

Toleo jipya lisilo na orodha nimeshalifungasha. Je, niligawe kimyakimya, watu waliweke juu ya lile la zamani, yaishe? Mtandaoni nimefuta, ila naona watu wawili nisiowajua walishachukua nakala ya msimbo mzima, orodha ikiwemo, mmoja sijui hata yuko nchi gani. Au nimwambie baba? Nauogopa uso wake. Nisaidie, nimepotea. Ni mimi (na hili nimelifuta, jamani).

MAXIMILIANA ANAJIBU

Binti yangu, nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nilipofika katikati nikatafuta kiti. Umelia ukurasa mzima kwamba umeanika siri ya baba yako, halafu ukaniandikia mimi, gazeti, jina lake, kijiji chake na hesabu ya ng'ombe hadi wa mwisho! Ningekuwa na haraka kama zako, leo hii mkoa mzima ungekuwa unahesabu. Nimefuta, majina ya vijiji vingine na ya mnada nimeyabadilisha, na karatasi yenyewe nimeichoma. Hiyo ndiyo tabia iliyokuponza, kufunga mzigo bila kuangalia kilichomo. Hata gunia la pamba mtu huingiza mkono ndani kabla ya kushona mdomo.

Najua hukukusudia, na pole sana. Mimi ni mtoto wa Meatu. Baba yangu alizikwa na hesabu yake, hakumwambia mtu, na mpaka leo hatujui ng'ombe wetu walibaki kwa nani. Kwa hiyo naelewa baba yako alikupa kitu gani siku ile, kitu ambacho hata mama yako hakupewa. Ungeniambia huumii ningekushangaa zaidi.

Lakini kugawa toleo jipya kimyakimya, hapana. Nilimuuliza fundi ninayemwamini, Novatus, bila kumtajia habari za mtu, akaniambia aliyepewa programu kwa kadi hapati taarifa yoyote kwamba kuna mpya, na anayeliweka jipya juu ya la zamani anaweza kubaki na kumbukumbu zilezile za mwanzo. Zile nakala mbili nazo zimeshatoka. Ulipofuta mtandaoni umesafisha kwako tu. Hiyo orodha ipo, na itaendelea kuwepo, acha kujidanganya.

Kinachoweza kubadilika bado ni kimoja, mahali ng'ombe walipo. Kila siku unayonyamaza, wanyama wale wako palepale palipoandikwa, na wezi wa mifugo nao wana simu. Mwenye uwezo wa kuwahamisha ni mtu mmoja tu, naye hajui kitu, kwa sababu binti yake anauogopa uso wake. Kwani uso huo utakuwa mzuri zaidi siku atakapoamka akute zizi la rafiki yake tupu?

Nenda kesho asubuhi. Usipige simu, usitume mtu. Fika, piga magoti, toa salamu yako ya mwangaluka kama ulivyofundishwa, kisha omba mkae wawili peke yenu kama yeye alivyokuita wewe. Ongea Kisukuma, na usianze na folda wala mstari uliofutwa, hayo ni ya kujitetea. Mwambie, "Baba, nimeyatoa maneno yako." Mwombe ile kadi. Akikufukuza, toka, na keshokutwa urudi.

Mayunga mpigie kabla hujaondoka umwambie unakwenda, na kwamba kama anataka mfuatane. Ana haki ya kuuliza mahari yake, na mimi ningekuwa yeye ningeuliza kwa sauti kubwa, maana miaka mitatu si mchezo. Hana haki ya kumvua mzazi wake nguo mbele ya ndugu. Tishio lake linakushika kwa sababu baba hajasikia kutoka kwako. Akishasikia, kaka yako amebaki na swali lake la mahari tu, na hilo watalimaliza wao wawili.

Ukitoka hapo rudi mnadani. Simama kwa miguu yako useme toleo la kwanza lina kosa, kosa ni lako, watu walifute kabisa ndipo uwawekee jipya. Kosa gani, usitaje. Wale wawili wa mtandaoni waandikie kwa adabu wafute nakala zao. Na tangu leo ufungashie kwenye folda safi isiyo na kitu chako hata kimoja, ufungue kwenye simu ya mtu mwingine na kuipekua kila kona kabla haijatoka kibandani. Ng'ombe wa kujaribia uwatunge, uwape hata majina ya vichekesho. Kazi yenyewe usiiache kwa aibu, wafugaji wetu wanaihitaji.

Jambo la mwisho. Baba yako akishatulia atakuuliza ni watu wangapi wameiona. Utatamani sana kusema wachache tu. Usithubutu. Mtajie uliowawekea, waliopeana, wale wawili wasiojulikana na mwanawe Mayunga, wote, mmoja mmoja mpaka mwisho. Yeye alipokutajia wa kwake hakuficha hata ndama.