Mkono wa Keji Mbele ya Hakimu

Jumatatu, 7 Julai
Kutoka Awindiri, mtaani kwangu Arua, hadi Koboko asubuhi, kama kila siku ya mahakama. Kesi ya Sajini Taban wa polisi imeahirishwa tena. Shahidi wangu hakutokea. Bila Keji mimi mwendesha mashtaka sina kitu. Keji ni mjane kutoka Sudan Kusini, anauza samaki wakavu sokoni. Taban alitaka samaki wa bure, akanyimwa, akamvunja mkono kwa kitako cha bunduki. Soko zima liliona. Sasa soko zima limepofuka.

Wakili wa Taban aliomba kesi ifutwe. Hakimu kanipa nafasi ya mwisho, Jumanne ya wiki ijayo. Nje, Taban alinipungia mkono akicheka. Nimemchukia.

Jumatano, 9 Julai
Mkubwa wangu kaniita ofisini kwake hapa Arua.

"Zainabu, ondoa hiyo kesi. Ni dhaifu."

Nikamwomba aniandikie hivyo na kutia sahihi. Hakuandika. Akasema kule Karamoja, mwisho mwingine wa nchi, kuna upungufu wa waendesha mashtaka. Sawa. Huko pia watu wanavunjwa mikono.

Ijumaa, 11 Julai
Baba mdogo amekuja kutoka Koboko baada ya swala. Hajawahi kuja bila sababu. Chai kainywa polepole, kisha:

"Mwanangu, Taban ni mtoto wetu, Mkakwa kama sisi. Yule mama ni mkimbizi tu. Kesho atarudi kwao."

"Baba, mkono wake haukuvunjikia kwao. Umevunjikia kwetu."

Nikamkumbusha nilizaliwa wapi. Yei, upande wa Sudan, ukimbizini, wakati watu wa Koboko wote walikuwa wamekimbilia huko, yeye akiwemo. Nani alitupatia shamba la kulima? Kaondoka bila kuaga. Nimelia kidogo. Sijutii.

Jumapili, 13 Julai
Nimemkuta Keji kwake Koboko akifunga vitu vyake. Mkono bado haunyooki.

"Madamu, watu ya Taban walikuja. Walisema nikienda koti kwa hakimu, watanitupa ng'ambo ya mpaka. Mimi naogopa."

Sikumdanganya. Walinzi ambao ningemwombea ni wenzake Taban. Nikasema, "Hata mimi naogopa. Lakini Jumanne nitakuwa pale, na Taban atakuwa pale. Ukikosa wewe, atarudi sokoni na bunduki yake."

Akaendelea kufunga vitu vyake. Sikumbembeleza tena. Njia nzima nimejilaumu: mimi nina mshahara na nyumba, yeye ana nini?

Jumanne, 15 Julai
Alikuja! Na hakuja peke yake. Wauza samaki, wauza nyanya, Wakakwa na Wasudan, meza zao wameziacha wazi, wamejaza mabenchi yote ya mahakama. Taban hakucheka leo.

Wakili akasimama na sauti yake kubwa. "Askari wote huvaa sare moja. Ulijuaje ni huyu?"

Keji akamwangalia Taban, si wakili.

"Yunifomu iko moja. Uso iko yake."

Minong'ono kila benchi. Hakimu aligonga meza, lakini nilimwona akiandika. Kisha muuza nyanya mmoja, Mkakwa, mtu wa ukoo wetu, akanifuata nje. Anataka kutoa ushahidi. Jioni walikuwa wanne. Macho yamerudi.

Alhamisi, 31 Julai
Ana hatia. Miaka miwili. Wanawake walipiga vigelegele hadi barabarani, askari wakashindwa kuwanyamazisha. Nami nilipiga, ndani ya choo cha mahakama, mlango umefungwa.

Jioni barua ya uhamisho. Karamoja kweli. Mkubwa hakuniangalia usoni akinipa. Niliisaini mbele yake kwa herufi kubwa. Wanipeleke. Kesi hii hawawezi kuihamisha.

Jumapili, 3 Agosti
Mvua tangu alfajiri. Nimefunga masanduku mawili, nimechoka.

Keji kapiga simu. Kwenda kanisani leo amepita mbele ya kituo cha polisi, kile cha Taban. Askari wa zamu akamsalimia. Akaitikia, akaendelea na njia yake.

Tulikaa kwenye simu, tukisikiliza mvua ya kwake na ya kwangu.