Kipande cha Tatu

Goma, 6 Oktoba 2024

Dada Verediane,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, mama Bella anakusalimu, na Bella mwenyewe amepata kazi ya kufundisha watoto wa chekechea. Natumaini goti lako limetulia na paa lako halivuji tena.

Mimi sina habari nzuri. Presha ya macho imelimaliza jicho la kushoto. Daktari hakunizungusha: la kulia lina miezi sita, labda minane, nikitia dawa kila siku bila kukosa. Maandishi ya simu yananichoma, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu nene.

Kwa mwendo wangu wa sasa nitasoma vitabu vinne au vitano, kisha basi. Biblia nitasomewa. Nataka vile vya Kiingereza vya sanduku alilotuachia Padri, vya majoka na wachawi, tulivyokua navyo ukimbizini Karagwe na kuvipa majina yetu. Wewe umefundisha Kiingereza shuleni Nyundo miaka yote hiyo, na bado unawaazima watoto wa jirani vitabu hivyohivyo sebuleni kwako. Niambie bila huruma: mfululizo upi unastahili jicho langu, na upi niruke?

Nakuomba usilie.

Mdogo wako,
Donat

*

Gisenyi, 13 Oktoba 2024

Mdogo wangu Donat,

Barua yako imenikuta salama, goti halijambo. Nimelia, kwa hiyo ombi lako limechelewa.

Haya, tufanye kazi. *Wafalme wa Chumvi*, juzuu zote kumi: ruka. Najua uliupenda ukiwa na miaka kumi na minne, lakini umri ule ulipenda pia kula udongo wa kichuguu. Tatu za mwanzo ni tamu, halafu mwandishi akanogewa. Juzuu ya tano nzima wanatembea, wanakoka moto, wanakula mchuzi, wanatembea tena. Mtu mwenye jicho moja hana muda wa mchuzi wa watu. *Mabinti wa Jivu*: ruka pia. Kila mchunga mbuzi mle ndani anakuja kugundulika kuwa mtoto wa mfalme, mpaka unajiuliza mbuzi wanachungwa na nani. *Joka Kipofu* ni kizuri, lakini sikupi, na sababu unaijua.

Soma *Mlango wa Shaba*, zote tatu. Ndugu watatu, mlima mmoja, na mlango unaoingiza baridi duniani. Hakuna neno la ziada. Shida ni juzuu ya tatu, ile aliyoikata kaka yetu Kimenyi kwa wembe, vipande vitatu, akavishona kwa uzi wa gunia ili tusome wote bila kugombana: yeye mbele, mimi nyuma yake, wewe mkiani. Kipande cha mwisho aliondoka nacho mwaka tisini na moja, alipokwenda vitani. Akirudi atatuletea.

Vilivyopo nimempa Pascasie, yule mama anayevusha nyanya mpakani, naye amenung'unika kwanza. "Mama Vere, mi siko posta! Bon, weka chini ya nyanya, iko nafasi." Mpokee kwa chai.

Dada yako,
Vere

*

Goma, 15 Desemba 2024

Dada mpendwa,

Pole na mvua hizi. Sisi tupo, tunasikia maneno mengi ya vita barabarani lakini tunalala na kuamka. Jicho linavumilia.

Nimesoma juzuu mbili na vile vipande viwili. Ulisema kweli, hakuna neno la ziada. Nilikuwa nasoma kurasa sita asubuhi, jua likipiga dirishani, kisha nafumba macho mpaka mchana. Nimefika pale ambapo kaka mkubwa ameingia mlangoni, na wadogo wawili wamebaki nje wameshika kamba.

Tangu ujana unaniambia kwamba ulikisoma kipande cha tatu kabla Kimenyi hajaondoka, ukakataa kunisimulia, eti ningoje zamu yangu. Sasa dada, zamu imefika. Niandikie huo mwisho kwa herufi kubwa.

Na jambo jingine, kwa heshima yote. Umeandika "akirudi". Kimenyi angekuwa na miaka hamsini na sita. Mama alikufa akimwekea sahani. Hatujakaa ikiriyo yake hata siku moja, hakuna matanga, hakuna misa. Bado unamngoja kweli?

Mdogo wako,
Donat

*

Gisenyi, 5 Januari 2025

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya, nawe na mama Bella na Bella. Usisahau dawa, hata siku moja.

Swali lako la Kimenyi nitalijibu kwa ufupi. Hakuna aliyenionyesha kaburi wala kitu chake hata kimoja. Siwezi kukaa ikiriyo ya mtu kwa sababu tu kachelewa. Mama aliniachia kitanda cha kaka nikitandike, na ninakitandika. Usiniulize tena.

Haya, mwisho wa kitabu. Kaka mkubwa anatembea gizani siku nyingi, akishika kamba. Anakuta mlango wa pili, na nyuma yake hakuna jitu wala mchawi, bali upepo tu: mtu alisahau kuufunga mlango. Anaufunga. Kisha anageuka kufuata kamba. Nje wale wadogo wamezeeka, mvi kichwani, lakini hawajaiachia. Kamba inatikisika mara tatu. Anatoka, amekonda, ndevu mpaka kifuani, na neno lake la kwanza ni kuuliza kama kumebaki chakula. Wanamkalisha, wanamwosha miguu, anakula mpaka sufuria inalia.

Ndivyo kinavyokwisha. Nimekuandikia kwa wino mweusi uone vizuri.

Dada yako,
Vere

*

Goma, 23 Machi 2025
(kwa mkono wa Bella)

Dada Verediane,

Nakusalimu baada ya kimya kirefu. Tu hai sote watatu, mshukuru Mungu. Wewe je? Tulisikia makombora yalifika mpaka kwenu.

Mapigano yalipoingia mjini, mwisho wa Januari, tulilala sakafuni siku tano. Duka la dawa lilivunjwa, na mpaka dawa zilipopatikana tena nilikuwa nimekaa wiki tatu bila tone. Jicho la kulia limekwenda. Barua yako ya Januari nilikuwa nimeisoma mwenyewe. Ndiyo kitu cha mwisho nilichosoma.

Dada, mwisho ule ni wako. Hujawahi kusoma kipande cha tatu. Najua kwa sababu ninacho mimi.

Mwaka tisini na tano alikuja mwenzake Kimenyi wa vitani, Gad, akanitafuta kwanza mimi. Alikuwa na begi. Ndani mlikuwa na shati, kijiko, na kile kipande. Kimenyi alifia mikononi mwake, Byumba, mwaka tisini na mbili, akazikwa palepale. Mama alikuwa mgonjwa siku hizo. Nikasema nitawaambia akipona. Hakupona, akafa akikuusia kile kitanda, nikaona aibu. Baadaye kila mwaka ulifanya iwe vigumu zaidi. Nilipokuuliza Desemba, nilikuwa natafuta mlango wa kuingilia. Ukaniandikia anarudi na kuomba chakula, na nilipofika hapo nikaweka karatasi chini, kwa kuwa nilijua nimekufanya nini.

Nilikisoma kipande hicho mara moja tu. Kaka mkubwa hatoki. Anaufunga mlango kutoka ndani, kisha anakata kamba ili wadogo zake waende nyumbani.

Pascasie amekibeba. Nisamehe, au unitukane, lakini unijibu.

Mdogo wako,
Donat

*

Gisenyi, 1 Juni 2025

Bella mwanangu, msomee baba yako barua hii polepole, na usiruke neno hata likikuuma.

Donat,

Mimi ni mzima. Natumaini mko salama. Pascasie alikuja mara nne kuuliza kama kuna jibu. Mara ya nne akasema, "Ule muzee anangoya, mama, anauliza kila siku," nami nikamfukuza mlangoni kama mwizi. Nimeshamwomba radhi.

Ndiyo, nilidanganya. Sikukisoma. Nilitaka niwe na kitu kimoja cha Kimenyi ambacho wewe huna. Kumbe ulikuwa na shati, kijiko, kaburi na kitabu.

Wewe ulikisoma, lakini nadhani hukugeuza ukurasa wa mwisho. Nyuma yake Kimenyi ameandika kwa penseli: "Zamu: Vere." Ilikuwa zamu yangu, Donat. Ulinipita miaka thelathini, nami nikitandika shuka.

Tumekaa ikiriyo siku nane, mimi na majirani wachache na padri. Watu walishangaa kumlilia mtu aliyekufa kabla wengine wao hawajazaliwa, lakini walikuja na maziwa, walikaa. Kitanda nimekitoa.

Sijakusamehe. Jumamosi nitavuka kwa mguu na Pascasie, nije nikusomee *Joka Kipofu* kwa sauti, maana sasa hakuna tena sababu ya kukificha, na sina ndugu mwingine wa kumsomea.

Uliniuliza usome kipi, uruke kipi, nikakujibu kwa haki. Nami nikushauri jambo moja ambalo hukuniuliza: kile kipande ungenipa kwanza, kabla ya vitabu vyote.

Dada yako,
Vere