Makaa Chini ya Horní Vrbina

Horní Vrbina, 9 Februari 1992

Binti yangu Radka,

Pokea salamu za baba yako. Mimi mzima, ila kifua bado kinakoroma na goti linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Natumaini huko Praha unakula, maana picha uliyotuma ina macho tu.

Hapa hakuna habari nyingine ila kuponi. Serikali inagawa viwanda vyake, na kila mtu ananunua kitabu cha kuponi posta ili achague hisa anazotaka. Watu wazima wanapanga foleni kwenye baridi, kisha wanarudi na kitabu hawajui wakifanyie nini. Kwa kuwa nilikuwa msimamizi wa zamu mgodini, nimeshakuwa profesa wa uchumi. Jana baani jirani yetu Bi Šebestová kaniuliza mbele ya wote, “Oldřich, wewe ndiye mwenye mtoto msomi. Hizi kuponi nizipeleke wapi, au nifungie jibini?” Wakacheka, lakini wote walisogeza viti kusikia jibu.

Uliwahi kunieleza habari za mwenzako wa chuo, Hynek Brabenec, kwamba anafungua mfuko wa kukusanya kuponi za watu na kuwanunulia hisa. Ni mtu wa kuaminika? Niambie kweli, kwa sababu watu hawa watanifuata mimi.

Baba yako,
Oldřich

Praha, 20 Februari 1992

Shikamoo baba,

Barua imenifika, nimecheka hadi mwenzangu wa chumba akaniuliza kulikoni. Nipo salama. Kunywa ile dawa ya kifua, usiihifadhi kabatini.

Kuhusu Hynek, ondoa wasiwasi. Ofisi yake ni stoo ya makaa chini ya nyumba ya shangazi yake. Anakula mkate na mafuta ya nguruwe, analala juu ya mafaili. Mimi ndiye ninayemwandalia fomu na mikataba. Sijaona mtu mwenye akili kama yake, na ana nia njema. Anataka mfuko ununue mgodi wenu, ili wanaochimba ndio wawe wamiliki. Mwambie Bi Šebestová kuwa mimi nimesema.

Mwanao,
Radka

Horní Vrbina, 17 Machi 1992

Mwanangu Radka,

Salamu, na hongera kwa mitihani. Mimi sijambo, dawa nimekunywa nusu.

Brabenec wako amekuja mwenyewe Jumamosi, kwa basi, koti limemzidi mabega. Bi Šebestová alimpikia nyama na knedliki zetu za unga wa kuchemsha, akala vipande tisa. Alipoongezewa akasema, “Mama, nikimaliza na hivi, itabidi mniajiri mgodini nilipie chakula.” Kisha akambusu mkono. Baada ya hapo ungeona watu walivyotoa vitabu. Vilipatikana arobaini na kimoja. Nilivikusanya mezani mwa baa, nikamwonyesha kila mtu mahali pa kusaini, wengine sikuwapa hata nafasi ya kuvaa miwani. Niliwaambia, mwanangu ndiye aliyeandika fomu hizi, mnasoma nini tena?

Nilijisikia mtu siku ile, Radka. Tangu mama yako afe sikuwa nimejisikia hivyo.

Baba yako

Horní Vrbina, 3 Novemba 1996

Radka mwanangu,

Natumaini u mzima. Hii ni barua ya nne bila jibu, nikadhani labda umehama.

Tumepata taarifa kwamba mfuko umevunjwa, mali yake imehamia kampuni nyingine iliyosajiliwa kisiwani Kupro, na hisa zetu zimebaki karatasi. Gazetini wanasema Brabenec sasa ndiye mwenye mgodi, peke yake. Amenunua na kituo cha umeme pale bondeni. Picha yake ipo, koti linamkaa.

Baani nikikaa, wenzangu wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi nyumbani. Bi Šebestová hajanitukana. Ameacha tu kunisalimu, na tunachangia uzio.

Nijibu. Niwaambie nini?

Baba yako

Praha, 12 Desemba 1996

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa naanza barua kisha nachana.

Kila kitu kilifanyika kisheria. Nyuma ya fomu kulikuwa na kifungu kinachoruhusu mfuko kubadilishwa bila kuwauliza wanachama, na wote walisaini. Kifungu hicho nilikiandika mimi. Hynek alinitajia maneno, nikayapiga kwenye mashine, na wakati ule sikujua kingetumika vipi. Baadaye nilijua, na sikuacha kazi. Sasa mimi ndiye mkuu wa wanasheria wake.

Mgodi ungeuzwa kwa Wajerumani, na wachimbaji wote wangeachishwa. Angalau wanafanya kazi. Nimekutumia televisheni, itafika kabla ya Krismasi.

Mwanao,
Radka

Horní Vrbina, 22 Agosti 2004

Radka,

Salamu. Natumaini afya yako ni njema. Yangu ni ya mtu wa miaka sabini na tatu aliyevuta vumbi la makaa miaka arobaini. Televisheni ile niliipeleka shule, labda ulishajua kwa sababu sikushukuru.

Tumekaa miaka bila kuandikiana, na nisingeandika leo kama si jambo hili. Brabenec anataka makaa yaliyo chini yetu. Anasema vituo vyake, vya huku na alivyonunua Ujerumani, vina njaa. Njia yake inapita makaburini, na halmashauri imeamua hivi: zaidi ya nusu ya waliosajiliwa kama wenye makaburi wakisaini, ardhi ni yake, na wafu wanahamishiwa mjini.

Makaburi ni sitini. Thelathini wamesaini, wamepewa fleti. Ishirini na tisa wamekataa, Bi Šebestová wa kwanza wao. Lililobaki ni la mama yako. Alipokufa nilikuwa nimelazwa, ukaenda wewe ofisini, kwa hiyo kaburi liko kwa jina lako. Mimi sina sauti. Nimeuliza mara mbili.

Sijawahi kukuomba kitu. Usisaini. Watu hawa nilishawapoteza mara moja kwa mkono wangu.

Baba yako,
Oldřich

Praha, 20 Oktoba 2004

Shikamoo baba,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, ofisini, mlango nimeufunga. Nafurahi kwamba u hai na bado una ukali.

Hynek ameniuliza kuhusu kaburi, sikufichi hilo. Alisema, “Radka, wote wanalilia makaburi, na wote jioni wanawasha taa kwa umeme wangu.” Lakini sijasaini chochote. Mambo haya hayazungumziki kwa barua. Nitakuja Siku ya Marehemu, Novemba 2, asubuhi. Tutakaa pale kwa mama, mimi na wewe, tuamue. Waambie majirani wasiwe na hofu.

Mwanao akupendaye,
Radka

Horní Vrbina, 28 Novemba 2004

Radka,

Niliwaambia majirani wasiwe na hofu. Niliwaambia baani, kama ulivyosema, na Bi Šebestová alinisalimu kwa mara ya kwanza baada ya miaka minane. Tarehe mbili nilikuwa makaburini tangu saa mbili asubuhi, na maua ya krisanthemi. Bi Šebestová alileta chai. Basi la saa nne lilipita, na la saa sita.

Saa saba yalikuja magari ya kampuni na turubai nyeupe. Nilimwuliza msimamizi wao ana haki gani. Ni kijana mwenye adabu, akanionyesha karatasi. Sahihi ni yako, naijua tangu ulipokuwa darasa la kwanza. Tarehe ni Septemba 3. Ulipokuwa unaniandikia kwamba hujasaini, karatasi ilikuwa na wiki saba kwenye faili lao.

Bi Šebestová aliisoma pia. Alinishika mkono hadi walipomaliza kumtoa mama yako, kisha akaenda kusimama kwenye kaburi la mumewe.

Mama yako sasa amezikwa mjini. Kaburi lina nafasi ya mtu mmoja zaidi, na hiyo ni yangu. Mwenye ofisi aliniuliza aliandikishe kwa jina la nani, kwa kawaida huwa la mtoto. Nimeliandikisha kwa jina la Bi Šebestová. Yeye ndiye atakayenizika, na atakayesaini wakija tena.

Namba ya kaburi anayo yeye. Ukitaka kujua mama yako yuko wapi, mwandikie. Nimemwambia ajibu au asijibu, apendavyo.

Oldřich Vaněček