Korongo Waliruka Kabla Hajawafikia

Witness, acha unachofanya unisome.

Si nilikwambia nataka picha ya korongo wakiwa angani? Leo tumeenda mto Momba na shemeji yako Ipyana. Korongo wamesimama tu majini, hawaruki. Nikamwambia aingie awashtue, mimi nipige.

Akaingia hadi magotini. Nikamwambia, "Songa mbele kidogo." Hajainua hata mguu, wote wakaruka. Nikapiga picha mfululizo, nafurahi kama mtoto.

Ipyana akacheka, "Mbona wameniogopa mapema hivi?" Amelirudia hilo njia nzima mpaka Tunduma.

Sasa hivi nimekaa nazikuza picha kwenye simu, natafuta iliyotulia.

Witness, hawakumwogopa yeye.

Chini ya mabawa yao kuna kichwa cha mamba. Macho yako nje ya maji, yanamtazama Ipyana. Hatua nne, labda tano. Na mimi ndiye niliyemwambia asonge mbele. Mimi.

Yeye bado hajaiona picha hii. Yuko uani anaanika suruali, ananiambia Jumamosi turudi, safari hii ataingia hadi kiunoni.