Mama ametembea peke yake Runingu

Jumapili, Songo

Na minye niliyefika Bujumbura, Kigoma, hata Lusaka, leo nimeongozwa njia na mama yangu asiyeona.

Miezi mitatu amekaa kwangu hapa Songo. Nilimpa chumba cha saruji, umeme, bomba uani, nikajisifu mtaa mzima kwamba mama yangu anaishi kama mke wa gavana. Lakini hata kwenda chooni alingoja mtu wa kumshika. Siku nzima kwenye kiti. Nikafikiri ni uzee.

Leo nilimpeleka Runingu, kijijini kwake, kusalimia tu. Aliposhuka kwenye pikipiki akavua viatu, akapapasa udongo kwa mguu, akaenda. Nilikimbia nimshike, akanisukuma.

"Weye ndiye utaanguka. Mbele iko mfereji."

Kweli, na minye mwenye macho mawili niliingia mguu mzima. Akacheka, akanivuta. Tulipita kando ya mihogo, akiwaita watu kwa majina kabla hawajasema neno, kwa kusikia tu hatua zao. Nyumbani kwake akafungua mlango mwenyewe, akawasha moto mwenyewe. Nyumba ya udongo, hakuna hata taa, na mama yangu alikuwa...

Nikamuuliza polepole kama turudi.

"Mwanangu, kwako ni kuzuri sana. Lakini kule minye niko kipofu."

Nikamwacha pale, nikarudi Songo peke yangu. Naogopa. Akiugua, nani ataniita?

Kesho nampelekea godoro lake.