Ubao wa Mzee Mbwana

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Ilala tu wazima, ila bibi yako goti linamsumbua kidogo. Unasema mwalimu wa sanaa huko Mwanza kawafundisha kupanga nafasi, nawe unauliza mimi nilifundishwa na nani, maana kila kibao cha duka huwa nakipima kwa penseli kabla ya rangi.

Ujanani Mzee Mbwana, fundi cherehani wa Msimbazi, alinipa ubao niandike MBWANA NA WANAWE. Nilijiamini, nikaanza na herufi kubwa bila kupima. Nafasi ikaniishia, nikazishusha herufi mbili mstari wa chini. Juu pakasomeka MBWA.

Kesho yake watoto wakawa wanapita mlangoni kwake wakibweka. Akaniita, akasema taratibu, "Herufi zako nzuri, mwanangu. Hebu soma." Nikamjibu kwamba ubao wake ni mfupi.

Hakubishana. Aliugeuza, akaufanya meza ya kukatia vitambaa, na jina lake likatazama sakafu mpaka alipofariki.

Ubao ulitosha, Zuhura. Nilijua nikiwa bado nimeshika brashi. Sikuwahi kumwambia.

Babu yako